Kabwe: Mgodi umefungwa, risasi imebaki

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lusaka kwa basi huvuka mpaka pale Tunduma, akaingia Nakonde, kisha barabara ikamchukua mchana kutwa katikati ya misitu ya miombo, akipita Mpika, Serenje na njia panda ya Mkushi, hata afike Kapiri Mposhi, mahali ambapo reli ya TAZARA hukoma baada ya mwendo wa kilomita 1,860. Kufikia hapo aghlabu ya abiria huwa wamekwisha choka kiasi cha kutojali tena kilichoko nje ya dirisha. Kilomita 65 hivi mbele, basi hupunguza mwendo, huingia katika mji wenye barabara pana na miti mikubwa ya kivuli, hushusha watu watatu wanne, kisha huendelea na safari. Mji huo ndio Kabwe. Mara mbili nilipata kuupita nikiwa nimelala.

Safari hii nilishuka. Nilikuwa nimebeba salamu na kifurushi cha tende kutoka kwa jamaa wa Tunduru, nikiagizwa nimfikishie mzee mmoja ambaye marehemu baba yake aliondoka huko enzi za Mwingereza kwenda kutafuta kazi ya migodini, akaoa huko na asirudi tena. Kwa heshima ya aila ile sitalitaja jina lake. Nitamwita Mzee tu, kama nilivyomwita uso kwa uso. Alinipokea kituoni akiwa amevaa kofia ya mkono iliyochujuka rangi, akanisalimu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kiyao na maneno ya Kibemba ndani yake, na kabla hata ya kuniuliza habari za njiani akaniuliza kama viatu nilivyovaa ndivyo viatu pekee nilivyokuja navyo. Sikufahamu maana ya swali lile hadi siku niliyoondoka.

Ilikuwa mwezi wa Agosti. Katika nchi ile hiyo ni miezi ya kiangazi, nyasi zimekauka, upepo unavuma kutoka mashariki na kusini mashariki, na kila gari linalopita hufuatwa na wingu la vumbi jekundu. Mtaa wa Kasanda, alikokuwa akiishi Mzee, uko upande wa magharibi wa mgodi wa zamani, yaani upande ule ule upepo unakoelekea. Ni mtaa uliojengwa na wenye mgodi kwa ajili ya wafanyakazi wao. Nyumba zimepangwa kwa mistari, ndogo lakini imara, kila moja na kiwanja chake, na ukitazama jinsi mitaa ilivyonyooka utatambua mara moja kwamba aliyeichora alikuwa na fedha na alikuwa na haraka.

Mzee alianza kazi mgodini mwaka 1968 akiwa kijana wa miaka 20. "Mwanangu," aliniambia, "wakati ule ukisema unatoka Broken Hill, watu wanakupisha." Mgodi ulikuwa na hospitali yake, kilabu chake, uwanja wake wa mpira. Balbu ya nyumbani ikiungua, mfanyakazi wa mgodi alikuja kuibadilisha. Mtoto akizaliwa, amezaliwa katika hospitali ya mgodi. Mtu akifa, jeneza limetolewa na mgodi. Sisi tuliozoea kununua hata msumari wa kupigilia mlango wetu, maneno hayo twayasikia kama hekaya. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na si Kabwe tu. Miji yote ya migodi ya Zambia ililelewa hivyo, na ndiyo sababu mgodi ulipokufa mji haukupoteza ajira peke yake, ulipoteza mlezi.

Inafaa nirudi nyuma kidogo, maana historia ya mahali hapa ni ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani.

Wenyeji wa nchi hiyo ni Walenje, na jina la kale la mahali, Kabwe ka Mukuba, linahusiana na mawe na uyeyushaji wa madini. Mwaka 1902 mtafiti wa madini aitwaye Thomas Davey aliona vilima vyenye risasi na zinki, vikamkumbusha mgodi maarufu wa Australia uitwao Broken Hill, basi akavibandika jina hilo hilo. Reli ilitoka kusini ikafika mwaka 1906. Hivyo basi, miaka mingi kabla Kitwe na Ndola hazijawa miji, Broken Hill ilikuwa tayari ina treni, tanuri na safu za nyumba. Ulikuwa mgodi mkubwa wa kwanza wa nchi ile iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini, na ukahesabiwa miongoni mwa migodi mikubwa ya risasi na zinki barani Afrika. Ili kuupatia umeme, mto Mulungushi ulizuiwa kwa bwawa lililokamilika miaka ya 1920. Dereva mmoja wa treni wa mji huu, Roy Welensky, bondia na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wazungu, alipanda ngazi za siasa hata akawa Waziri Mkuu wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland kuanzia mwaka 1956 hadi lilipovunjika mwaka 1963. Na hapo hapo jirani, Mulungushi, mwezi Aprili 1968, Kenneth Kaunda alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51 ya hisa katika kampuni kadhaa kubwa za nchi. Mwaka uliofuata zamu ikafikia migodi.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa kwetu atalipenda. Mwanachuoni wa Kiingereza Godfrey Wilson, ambaye katika miaka ya 1930 aliishi na mkewe Monica miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe akisoma desturi zao, ndiye aliyekuja baadaye Broken Hill kuandika juu ya maisha ya Waafrika waliohamia mjini. Wenye mgodi wakamzuia kuingia katika kambi ya wafanyakazi, kwa kuwa hawakufurahishwa na ukaribu wake na Waafrika. Alikwisha ona mengi hata hivyo: kwamba mtu aliyetoka kijijini na kulipwa mshahara wa mwezi hakuwa mgeni wa kupita kama watawala walivyopenda kuamini, bali alikuwa anaanza maisha mapya. Baba yake Mzee wangu alikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo.

Na kuna kisa cha fuvu. Tarehe 17 Juni 1921, wachimbaji walipokuwa wakikifukua kilima kimoja kupata madini, walikuta ndani ya pango fuvu la kichwa cha binadamu wa kale, lenye mfupa mzito juu ya macho. Likasafirishwa London, likapewa jina la kitaalamu, na hata leo limo katika Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la huko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria umri wake kuwa miaka 300,000 hivi, lakini hesabu hiyo iliwapa wataalamu taabu kubwa kwa sababu kilima chenyewe hakipo. Kilichimbwa chote, kikapakiwa, kikayeyushwa na kuuzwa. Zambia imelidai fuvu hilo kwa miaka mingi. Nilipomuuliza Mzee anaonaje, alicheka, akasema kwamba fuvu lilikuwa na bahati: limeondoka mapema.

Kicheko kile kilinipeleka kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii.

Katika lugha yetu madini yale yana jina moja na kile kitokacho katika mdomo wa bunduki: risasi. Nimewahi kuwaza kwamba ni upungufu wa msamiati. Kabwe ilinifanya nibadili fikra. Kwa karibu miaka 90, tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini hadi Juni 1994 mgodi ulipofungwa, tanuri zile zilikuwa zikitoa moshi wenye chembechembe za risasi, na chembechembe hizo, kwa kuwa ni nzito, hazikwenda mbali. Zilianguka juu ya mapaa ya Kasanda, juu ya mahindi na mboga za bustanini, juu ya kiwanja wachezapo watoto. Risasi haiozi. Haivundi kama jani wala haifi kama mdudu. Iliyoanguka mwaka 1930 ipo, na ya mwaka 1990 imelala juu yake. Hali kadhalika, mabaki ya mawe yaliyokwisha kamuliwa madini yake, mamilioni ya tani, yaliachwa yamerundikwa wazi, na rundo moja jeusi ni kubwa kiasi kwamba wenyeji wanaliita mlima.

Mtu mzima akivuta au kumeza vumbi lile hudhurika, lakini mtoto ndiye anayeangamia. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima kutoka katika kiasi kile kile. Sababu zake mama yeyote anaweza kuzikisia. Mtoto hutambaa chini. Mkono wake hauishi kwenda mdomoni. Mwili wake una njaa ya madini ya kujengea mifupa, na risasi huingia mwilini kwa kujifananisha na kalisi, ile ile ipatikanayo katika maziwa na dagaa. Mwili hudanganyika, ukaipokea, ukaiweka akiba mifupani. Kutoka huko huingia katika damu polepole kwa miaka. Binti aliyekulia katika vumbi hilo, siku akija kushika mimba, mifupa yake hutoa sehemu ya akiba ile, ikampata mtoto aliye tumboni ambaye bado hajakanyaga ardhi ya Kabwe.

Ubongo ndio unaoathirika kuliko vyote. Mtoto huwa mzito wa kufahamu, husahau, hukosa utulivu; mwingine hupungukiwa damu, tumbo humuuma, hukataa chakula; kiwango kikizidi mno hupatwa na degedege, na wako waliokufa. Lakini wengi hawaoneshi dalili yoyote ya kumtisha mzazi. Mwalimu husema mtoto ni mvivu. Baba humchapa. Nilipolisikia hilo kutoka kwa Mzee, ambaye alilisema huku akitazama chini, sikuthubutu kumuuliza anamzungumzia mtoto gani.

Si kwamba hakuna aliyejua. Mapema katika miaka ya 1970 madaktari waliokuwa wakifanya kazi mjini hapo walikwisha pima damu ya watoto wa Kasanda na kukuta risasi kwa viwango vya kutisha. Mgodi uliendelea kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo. Utafiti wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba zaidi ya asilimia 95 ya watoto wa mitaa inayouzunguka mgodi wana risasi katika damu kupita kiwango cha tahadhari, ambacho wakati huo kilikuwa maikrogramu 5 kwa kila desilita moja ya damu, na kwamba takriban nusu yao wanahitaji tiba ya haraka. Wataalamu wanasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama.

Mzee ana mjukuu wa kike, wakati ule akiwa na umri wa miaka minne, mwenye macho makubwa na maswali yasiyokwisha. Alipimwa kliniki ya mtaani, kwa kutobolewa kidole, katika mpango wa serikali uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mradi wa dola milioni 65 hivi ulioidhinishwa mwishoni mwa mwaka 2016 na kuhusisha pia miji mingine ya migodi. Jibu likawa 38. Bibi yake aliitamka namba hiyo kama watu wanavyotamka tarehe ya msiba. Dawa ya kuitoa risasi katika damu ipo, lakini aghlabu hupewa mtoto aliyefika 45. Wa 38 walipewa ushauri: mnawisheni mikono, mpeni maziwa, mayai na mboga, pigeni deki kwa maji badala ya kufagia pakavu, msimwachie acheze nje kwenye vumbi.

Ushauri ni sahihi, silaumu. Lakini hebu fikiri, ndugu msomaji, maana ya kumwambia mtoto wa miaka minne asicheze kwenye vumbi katika mtaa ambao wote ni vumbi. Fikiri bei ya maziwa kwa mzee asiye na mshahara. Hata huyo aliyefika 45, akitibiwa kwa wiki kadhaa na damu yake ikasafika, hurudishwa katika nyumba ile ile na kiwanja kile kile.

Na kwa nini wasihame? Niliuliza, kwa ujinga wa mgeni. Mzee akanieleza. Mgodi ulipofungwa na migodi ya dola ikaanza kubinafsishwa, wafanyakazi waliuziwa nyumba walizokuwa wakiishi. Kwa watu waliokuwa wapangaji maisha yao yote, kupewa hati ya nyumba ilikuwa neema. Wengine walitoa sehemu ya kiinua mgongo chao kuilipia. Leo nyumba ile ndiyo mali pekee waliyonayo, na anayetaka kuuza atamuuzia nani? Mwenye habari hanunui, na asiye na habari, aliniambia Mzee, "nitamuuziaje mtu sumu, mwanangu, halafu nikasimame mbele ya Mola wangu?" Basi anakaa.

Mji wenyewe haukufa kama ile miji ya jangwani iliyomezwa na mchanga. Hesabu ya watu ya mwaka 2010 ilikuta zaidi ya watu 200,000. Makao makuu ya Shirika la Reli yamebaki pale, ofisi za mkoa zipo, soko linachangamka. Nilioneshwa ule mkuyu mkubwa wa kihistoria ulio katikati ya mji, na chini yake watu walikuwa wakipumzika kama kawaida. Lakini kila baada ya mtaa unakutana na kitu kilichosimama. Kiwanda cha nguo cha Mulungushi, kilichojengwa kwa ushirikiano na China na kuwahi kuajiri watu wengi, kilizima mashine katikati ya miaka ya 2000. Mabohari yana kutu. Kizazi cha wajukuu wa wachimbaji hakina ajira ya kurithi, kwa hiyo kimerudi kwenye rundo lile lile.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Asubuhi ya siku ya pili tulipita kandokando ya eneo la mgodi. Vijana walikuwa wakichimbua mabaki kwa sururu, wakichekecha, wakijaza magunia. Yamo madini kidogo ndani ya takataka hizo na wapo wanunuzi. Pembeni, wanawake walikuwa wakiponda mawe ya kokoto, watoto wao wamelala juu ya khanga iliyotandikwa palepale. Uso wa kijana mmoja ulikuwa mweupe kwa vumbi kama aliyepakwa unga. Nilimuuliza kama anajua kilichomo. Akanijibu kwa Kiingereza chepesi kwamba anajua, kisha akaendelea na kazi. Mzee alinivuta mkono. Hakutaka nimhoji zaidi. "Huyo analisha watu sita," alisema.

Na si vijana wenye sururu peke yao. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti ya mwezi Machi 2025, lilieleza kwamba wenye mamlaka wameruhusu kampuni kuchimba na kusindika mabaki hayo, na kwamba taka zenye risasi zimechukuliwa kwa malori na kumwagwa sehemu nyingine za mji, baadhi yake karibu na makazi. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2022, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya sumu na haki za binadamu, Marcos Orellana, aliitaja Kabwe miongoni mwa maeneo ya dunia ambayo wakazi wake wamegeuzwa kafara. Sisi tunalijua neno kafara kwa maana zake, na nilipolisoma nilitulia kwa muda.

Mashitaka yamefunguliwa. Mwaka 2020 wanasheria walikwenda katika mahakama ya Johannesburg kwa niaba ya watoto na wanawake wa Kabwe, kundi wanalolikadiria kuwa na watu 140,000 hivi, wakiidai kampuni ya Anglo American kwa madai kwamba ilihusika katika uendeshaji wa mgodi tangu mwaka 1925 hadi 1974. Kampuni imekanusha kuwajibika. Inasema haikuwa mmiliki mkuu wala mwendeshaji, na kwamba dola ndiyo iliyoushika mgodi kwa miaka 20 ya mwisho. Desemba 2023 jaji alikataa kuliruhusu shauri hilo liendelee kama shauri la kundi. Mwaka 2024 waombaji walipewa ruhusa ya kukata rufaa. Ukimuuliza Mzee nani mwenye hatia, hana jibu la mkato. Mzungu alichimba, serikali yake ikachimba, naye mwenyewe alichimba, na mshahara aliula.

Kwa wasomaji wetu wa pwani, jambo hili lisionekane kuwa la mbali. Owino Uhuru, mtaa wa Mikindani pale Mombasa, ulipata msiba wa jinsi hiyo hiyo kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi hapo, Phyllis Omido, alimwona mwanawe akiugua, akagundua kwamba amemnyonyesha risasi, akaanza kupiga kelele mpaka kiwanda kikafungwa. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaivuruga hukumu hiyo. Na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Betri kuukuu zinapasuliwa nyuma ya gereji katika miji yetu mingi, na watoto wanazunguka hapo.

Hata wanja, na hapa naomba kina mama wanisamehe. Jiwe linalochimbwa ili kupata risasi lina ng'aro jeusi la fedha, na likisagwa hutoa unga laini mno. Unga huo huo ndio unaokutwa katika baadhi ya wanja unaouzwa madukani na kuitwa wanja wa manga, ilhali ithmidi inayotajwa katika vitabu vyetu aghlabu hufasiriwa kuwa jiwe jingine. Mnunuzi hana macho ya kutofautisha vichupa viwili. Idara za afya katika nchi kadhaa zimekuta watoto wachanga wenye risasi katika damu kwa sababu walipakwa wanja kwa nia njema kabisa. Bibi yake yule mjukuu alikuwa na kichupa cha namna hiyo, urithi wa mama mkwe wake. Alipoelezwa kliniki, alikitia katika mfuko wa plastiki na kukifunga fundo tatu. Hakukitupa. Alisema hajui akitupe wapi mahali ambapo hakitamdhuru mtu.

Ijumaa tulikwenda msikitini. Waislamu ni wachache katika nchi ile, na safu zilikuwa za watu wa asili mbalimbali: wenye maduka wenye asili ya India, Wayao wa Malawi, vijana wenyeji. Kabla ya hapo, nyumbani, maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu alfajiri, na palibaki ndoo moja. Nikasema, kwa mazoea ya msafiri, kwamba mimi naweza kutayamamu, wenye nyumba wabakishe maji. Mzee akanitazama. Nami, kabla hajasema neno, nikautazama ule udongo wa uani, nikanyamaza. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali ambapo mtu ataogopa kupangusa uso wake kwa ardhi. Tulitawadha kwa kikombe, kila mmoja kikombe chake, na Bibi akakinga maji yaliyotiririka katika beseni, akaenda kuyanyunyiza mlangoni ili vumbi lisinyanyuke.

Hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Alfajiri baada ya swala hunyunyiza uani, kisha hufuta sakafu kwa kitambaa chenye maji, kisha madirisha, kisha viti. Adhuhuri hurudia. Jioni, mjukuu akirudi kwa majirani, humsimamisha kizingitini, humvua nguo za juu, humnawisha mikono hadi viwikoni na miguu hadi vifundoni, na mtoto huhesabu vidole kwa sauti, kumi na kumi, kwa Kibemba kisha kwa Kiswahili ambacho babu yake anamfundisha. Baada ya miezi kadhaa ya shughuli hiyo walimpima tena. Ilikuwa 31.

Siku ya kuondoka basi lilikuwa lipite saa nne asubuhi. Nilifunga mzigo wangu, nikavaa, nikasimama uani kuagana. Bibi alinipa karanga zilizofungwa kitambaani, akaniapia kwamba amezinunua kwa watu wa Mkushi, hazikulimwa hapa. Mzee aliniangalia miguuni. Akaniambia nikae kitini nivue viatu. Nikadhani ni utani, nikasema, "Mzee, nitachelewa basi." Hakunijibu. Aliinama kwa taabu, mtu wa umri wa babu yangu, akavitwaa viatu vyangu, akavipeleka kwenye ndoo, akaanza kuvisugua kwa brashi, nyayo kwanza, kisha pembeni, kisha kamba, maji yakitoka mekundu. Nilisimama peku juu ya mkeka nikimsihi aniachie nifanye mwenyewe.

"Una watoto nyumbani," alisema, akaendelea kusugua.